Tezi dume, nguvu na homoni: maswali ya wanaume wa Tanga waliovuka arobaini

Kwenye baraza za kahawa za Ngamiani mambo matatu hupikwa chungu kimoja: tezi dume, nguvu za kiume na homoni. Mtu akiamka mara nne usiku kwenda kukojoa, wenzake humwambia nguvu zinakwisha. Akishindwa kitandani, humwambia ni tezi dume. Na kwa yote mawili atauziwa unga uleule wa kwenye kijichupa. Mambo haya yana ujirani, lakini si ugonjwa mmoja, na dawa ya hili si dawa ya lile. Maswali yaliyo hapa ni ya aina inayosikika barazani, mengi yakiulizwa kwa sauti ya chini.

Mtu hupataje tezi dume?

Hapati, amezaliwa nayo. Ipo chini ya kibofu cha mkojo na imeizunguka njia ya mkojo pale inapoanzia. Kazi yake ni kutengeneza sehemu ya majimaji ya shahawa, lakini kwa mahali ilipo, ikisumbua, wa kwanza kulalamika ni mkojo. Kwa kijana huwa na uzito wa gramu 20 hivi. Inaweza kushambuliwa na vijidudu, inaweza kukua kwa sababu ya umri, na inaweza kupata saratani. Hayo ni matatizo matatu tofauti.

Nina miaka 62. Usiku naamka mara nne, mkojo unakatikakatika, na nikimaliza nahisi bado upo. Ni kansa hiyo?

Shikamoo mzee wangu. Kwa maelezo yako, kinachoshukiwa kwanza ni kukua kwa tezi kunakoletwa na umri. Kukua huko si saratani, wala hakugeuki kuwa saratani. Karibu nusu ya wanaume wenye miaka 51 hadi 60 wanako, na kwa waliopita 80 hufika hata tisa kati ya kumi. Tezi iliyokua huibana njia ya mkojo, kibofu kinalazimika kusukuma kwa nguvu, na mwisho kinakuwa chepesi kushtuka. Unaitwa chooni kila saa, ukifika yanatoka matone.

Ila usiitupie tezi lawama yote. Kisukari nacho huamsha watu usiku. Kidonge cha presha cha kupunguza maji mwilini, ukikimeza jioni, kitakufanyisha zamu hadi alfajiri. Muulize daktari kama unaweza kukimeza asubuhi. Kahawa ya baada ya Isha vilevile, ingawa najua hapa Tanga hilo halitanipatia marafiki. Na huku pwani, mkojo wenye damu unaweza kuwa kichocho. Ndiyo maana kabla ya kupewa dawa unapaswa kupimwa mkojo na sukari, na ikiwezekana ultrasaundi kuona mkojo unaobaki kibofuni baada ya kukojoa.

Dawa zipo, na zinatofautiana. Tamsulosini hulegeza misuli ya shingo ya kibofu na hufanya kazi ndani ya siku chache. Ubaya wake, ukisimama ghafla unaweza kupata kizunguzungu. Finasteridi huifanya tezi yenyewe isinyae, lakini huhitaji kama miezi 6 kuonyesha faida yake, na kwa baadhi ya wanaume hupunguza hamu ya tendo la ndoa. Wanaoacha baada ya wiki tatu wakisema "haifanyi kazi" wamekatisha safari njiani. Zikishindikana dawa kuna upasuaji unaopitia njia ya mkojo, bila kupasua tumbo. Jihadhari pia na vidonge vya mafua vya kufungua pua. Vingine hubana shingo ya kibofu na kuufunga mkojo kabisa.

Nasikia kipimo ni kidole. Hakuna njia nyingine?

Swali hili huchekwa kuliko yote, na nadhani limewaweka nyumbani wanaume wengi kuliko woga wa kansa yenyewe. Kidole chenye glovu na mafuta huingizwa njia ya haja kubwa kwa sababu tezi imepakana na ukuta wa hapo. Daktari anapapasa kama kuna uvimbe mgumu. Ni chini ya dakika moja. Hakiumizi mtu wala hakipunguzi uanaume wake.

Njia nyingine ni kipimo cha damu cha PSA. Hiki hupima protini inayotengenezwa na tezi dume. Kwa miaka mingi mpaka uliotumika ni nanogramu 4 kwa mililita, lakini namba hiyo haisemi "una kansa" wala "huna". Hupanda kwa tezi iliyokua tu, kwa maambukizi ya mkojo, hata kwa kukutana na mkeo jana yake. Ndiyo sababu mtu huambiwa akae siku mbili bila tendo la ndoa na bila safari ndefu ya baiskeli. Kati ya wanaume wanne ambao PSA yao ipo kati ya 4 na 10, ni kama mmoja tu anayekutwa na saratani kinyama kikichukuliwa na kuchunguzwa. Kwa anayemeza finasteridi mambo hugeuka: dawa hiyo huishusha PSA hadi nusu, hivyo 3 yake isomwe kama 6. Asipomwambia daktari, anaweza kurudi nyumbani na furaha ya bure.

Nani apime? Mazungumzo na daktari yaanze kwenye miaka 50. Kwetu wenye asili ya Afrika, ambao hatari yetu ni kubwa zaidi, yaanze 45. Ambaye baba au kaka yake aliugua hatari yake huwa kama maradufu, na wakiwa wameugua ndugu wa karibu zaidi ya mmoja, aanze 40. Nasema mazungumzo kwa makusudi, kwa sababu saratani nyingine za tezi dume hukua polepole mno hata kutibiwa kwake huleta madhara kuliko faida. Uingereza waliwafuatilia kwa miaka 15 wanaume 1,643 waliogunduliwa mapema, wengine wakipasuliwa, wengine wakipigwa mionzi, wengine wakiangaliwa tu kwa ukaribu. Matokeo ya 2023 yalionyesha kuwa waliokufa kwa saratani hiyo ni chini ya 3 katika kila 100, na makundi yote matatu yalikaribiana. Huku kwetu shida ni kuchelewa: wengi hufika mgongo na nyonga vikiwa vinauma, yaani ugonjwa umeshaingia mifupani.

Hospitali ya rufaa ya mkoa ni Bombo, na pa kuanzia ni hapo. Ikifikia kuhitaji mionzi, Ocean Road ya Dar es Salaam huitoa.

Nina miaka 51. Jogoo hapandi mtungi. Ni tezi imeanza?

Mara nyingi hapana, kaka. Tafuta kwenye mishipa ya damu.

Uume husimama kwa kujaa damu. Ubongo na neva hutoa amri, mishipa hutoa gesi ya naitriki oksaidi, inalegea, damu inaingia na kuzuiwa isitoke. Mishipa ya uume ina upana wa milimita 1 hadi 2, ya moyo 3 hadi 4. Mafuta, presha, sukari na sigara huharibu yote kwa pamoja, lakini bomba jembamba ndilo huziba kwanza. Kwa hiyo kushindwa kitandani kunaweza kutangulia ugonjwa wa moyo kwa miaka miwili hadi mitano. Mwanamume mwenye tatizo hili ambaye hajapima presha na sukari anaachia taarifa ya bure ipite. Kwa wagonjwa wa kisukari, karibu nusu au zaidi hulipata.

Jiulize: asubuhi ukiamka, kinasimama chenyewe? Kama ndiyo, mishipa huenda ni mizima, na kinachosumbua ni mawazo, ugomvi wa ndani ya nyumba, madeni au uchovu. Kama hata asubuhi kimya, na hali hiyo imekuja taratibu, elekea maabara. Baadhi ya dawa za presha huchangia pia, lakini usiziache kimyakimya. Mwambie daktari abadilishe. Presha isiyotibiwa huharibu mishipa hiyohiyo unayoililia.

Supu ya pweza je? Na mihogo mibichi na karanga? Na vumbi la Kongo?

Pweza ni chakula kizuri, kina protini nyingi na mafuta machache. Kunywa supu yako kwa raha. Kwamba inafungua mishipa iliyoziba, hakuna aliyethibitisha. Karanga nazo ni njema. Muhogo mbichi uwe ule mtamu tu, kwani mchungu una sumu ya sayanaidi.

Vumbi la Kongo, ule unga wa kwenye kijichupa, ni habari nyingine. Mamlaka za dawa katika nchi mbalimbali zimekuta bidhaa zinazoitwa za asili zimechanganywa kwa siri na sildenafili, dawa ile iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998. Sildenafili yenyewe ni dawa nzuri ikitolewa na daktari. Lakini kwa mgonjwa wa moyo anayeweka kidonge cha naitreti chini ya ulimi, hizo mbili zikikutana presha inaweza kuporomoka na kumuua. Hawezi kujihadhari na kitu asichojua amekinywa. Na uume ukisimama zaidi ya saa nne bila kulala, hilo si la kujisifia, nenda hospitali.

Nichome sindano za homoni nirudi ujana?

Testosteroni hupungua kama asilimia 1 kwa mwaka kuanzia miaka ya thelathini au arobaini, na wengi hubaki nayo ya kutosha hadi uzeeni. Upungufu wa kweli huonekana kwa hamu kutoweka, nywele za mwili kupungua, misuli kulegea. Nao huthibitishwa kwa damu iliyotolewa kabla ya saa nne asubuhi, siku mbili tofauti. Bila hivyo ni kubahatisha. Sindano huzima utengenezaji wa mbegu za kiume, kwa hiyo anayetaka mtoto asiziguse, na huweza kuifanya damu iwe nzito. Kitambi chenyewe hugeuza testosteroni kuwa homoni ya kike. Usingizi nao una nafasi yake: Chicago mwaka 2011, vijana waliolala kwa muda wa saa tano tu kila usiku kwa wiki moja walipoteza asilimia 10 hadi 15 ya testosteroni yao.

Baiskeli inaharibu tezi?

Hapana. Ingekuwa hivyo, Tanga yenye baiskeli tele ingekuwa imeshakwisha. Ukihisi ganzi sehemu za siri, shusha ncha ya tandiko na uinuke mara kwa mara.

Busha je?

Busha ni maji kuzunguka korodani, na huku pwani mara nyingi huletwa na minyoo ya matende inayoenezwa na mbu. Halihusiani na tezi dume. Hutibiwa kwa upasuaji mdogo.

Mke wangu amefariki. Wananiambia nisipooa mbegu zitaganda na tezi itavimba.

Pole sana mzee wangu. Mbegu hazigandi, mwili huzifyonza zisipotoka. Utafiti wa Marekani wa 2016 ulikuta waliotoa shahawa mara 21 au zaidi kwa mwezi waligunduliwa saratani ya tezi pungufu kwa kama asilimia 20 kuliko waliotoa mara 4 hadi 7, lakini hauthibitishi kuwa hiyo ndiyo sababu. Kama unataka kuoa, oa kwa sababu nyingine.

Mume wangu hataki hospitali, anasema ni uzee tu. Nifanyeje?

Dada, usianze na tezi wala kitanda. Mwambie mkapime presha na sukari wote wawili. Wanaume wengi hilo hulikubali, na akishakaa mbele ya daktari mengine huja yenyewe. Muachie nafasi aongee peke yake. Beba dawa zote anazomeza, na za miti shamba pia. Lakini akikojoa damu, mkojo ukifunga na tumbo la chini likajaa, au mgongo ukiuma huku miguu inakosa nguvu, hapo hakuna mashauriano, tafuta bajaji saa hiyohiyo.