Tanga kubwa silo linaloinua ubao

"Upepo wa Mwanza ni mdogo, kwa hiyo nunua tanga kubwa kuliko yote." Ushauri huu nimeusikia mara nyingi ufukweni Luchelele, na unawamalizia vijana fedha bure. Kinachoinua ubao wa foili, yaani ubao wa tanga unaopaa juu ya maji, ni bawa lililo chini ya maji. Kazi ya tanga ni kukupa mwendo wa kuanzia. Ubao ukishapaa, maji hayauburuzi tena na tanga lilelile linakuwa limezidi. Mwanafunzi mwenye bawa la mbele la sentimita za mraba 1,500 au zaidi hupaa kwa tanga la mita za mraba 5 au 6, mahali ambapo ubao wa pezi, ule wa kawaida usiopaa, ungedai 7 au 8. Ni kweli kwamba kwenye Olimpiki ya 2024, kule Marseille, wanaume walitumia mita 9 na wanawake 8. Lakini wale wanatafuta kasi, kwa bawa dogo la sentimita za mraba 900, na miili yao imefundwa kubeba uzito ule. Anza na bawa.

Wengine hubeba vipimo vya matanga vya Paje, pwani ya Zanzibar, wakavileta ziwani vilevile. Ziwa Victoria liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu asilimia 10. Upepo wa kasi ileile husukuma tanga kwa nguvu pungufu kiasi hichohicho. Aliyezoea mita 5 Paje, hapa ajaribu 5.5. Nusu mita, si tatu!

Dhana inayoniumiza zaidi ni kwamba kupampu tanga, yaani kulivuta na kulilegeza ili ubao upate mwendo, ni kazi ya misuli ya mikono. Nimeona watu wenye vifua vipana wakichoka ndani ya dakika mbili, na binti mwembamba akipaa mbele yao. Geuza ubao kidogo kuelekea upepo unakokwenda, usiukabili. Nyoosha mkono wa mbele, kisha vuta na kulegeza kwa mkono wa nyuma kama anayepepea jiko la mkaa: taratibu, halafu haraka kadiri ubao unavyochanganya. Kila ukivuta, ning'inia kwenye tanga ili ubao uwe mwepesi miguuni. Ukipaa, gandamiza mguu wa mbele mara moja, la sivyo pua itainuka na utaanguka.

Na tanga lisikazwe likawa kama bati. Legeza kamba ya nyuma hadi uone tumbo. Bila tumbo unapampu hewa tupu.

Kuna pia wanaosema ubao unaopaa hausumbuliwi na gugumaji. Mhimili wa foili, ile nguzo inayoshika bawa, huzama karibu mita nzima, na mizizi ya gugumaji inaning'inia humohumo. Limenirusha mara mbili, kifua kikapiga mlingoti. Siku hizi kabla ya kuingia majini napanda kwanza kwenye mwamba, nitazame upepo wa usiku umelisukumia wapi.