Mfumuko wa joto kwenye betri si jina jingine la moto

Tangu kituo cha betri cha Moss Landing, California, kiungue Januari 2025, kila ubishi kuhusu vituo vya kuhifadhi umeme karibu na shule na makazi huishia kwenye sentensi moja: betri zilipata mfumuko wa joto, yaani ziliwaka moto. Hiyo "yaani" inapotosha, na upotoshaji wake unaweza kuumiza watu.

Mfumuko wa joto ni hali ambapo seli ya betri ya lithiamu, yaani kipande kimoja kati ya vingi vinavyounda betri, inazalisha joto haraka kuliko inavyoweza kulitoa. Huanza na hitilafu ya ndani, kuchajiwa kupita kiasi, kugongwa, au joto la seli jirani. Joto huvunja kemikali, kemikali zikivunjika huongeza joto, na kuanzia hapo seli inajiendesha yenyewe.

Moto ni suala jingine. Seli iliyofumuka hutoa gesi: haidrojeni, kaboni monoksaidi, mvuke wa kimiminika cha ndani, na haidrojeni floraidi ambayo ni sumu. Zikipata hewa na cheche, zinawaka. Zisipowaka hujikusanya, na katika chumba kilichofungwa hali hiyo ni mbaya kuliko moto unaouona.

Ndivyo ilivyokuwa kwenye kituo cha betri cha McMicken, Arizona, Marekani, tarehe 19 Aprili 2019. Seli zilifumuka, mtambo wa kuzima moto ukamwaga gesi yake kama ulivyoundwa. Lakini gesi ile haipozi seli, hivyo mfumuko ukaendelea kutoka seli hadi seli katika kabati zima la betri. Saa kadhaa baadaye wazimamoto walifungua mlango, hewa ikaingia, na kituo kikalipuka. Baadhi yao waliumia vibaya. Mtambo wa kuzima moto ulikuwepo na ulifanya kazi; ulichokuwa ukipambana nacho ndicho hakikuwa tatizo lenyewe.

Kwa hiyo mzazi anayesema "ni bomu" na mwakilishi wa kampuni anayejibu "tuna mitambo ya kuzima moto" wamekosea mahali pamoja. Hofu ya mzazi naiheshimu, lakini seli haikutengenezwa ilipuke. Kinacholipuka ni gesi iliyokosa pa kutokea. Jibu la kampuni ndilo linalonikera zaidi, maana linamtuliza mtu kwa kitu kisichomlinda.

Wapo pia wanaosema betri za chuma na fosfeti, aina mojawapo ya betri za lithiamu, haziwezi kufumuka. Ni kweli ni ngumu zaidi kufumuka, ila nazo hutoa haidrojeni. Huko Beijing, Aprili 2021, kituo cha betri za aina hiyo kililipuka na wazimamoto wawili wakafa.

Tofauti hii inabadilisha hata namna ya kupima umbali kutoka darasani. Moss Landing betri zilirundikwa ndani ya jengo moja, lililokuwa la mitambo ya zamani ya kufua umeme. Mfumuko ulipata njia ya kusambaa, watu zaidi ya 1,000 wakaambiwa wahame, na mwezi uliofuata moto ukazuka tena humo humo, kwa sababu seli zilizoharibika zinaweza kufumuka siku nyingi baada ya moshi kuisha. Karibu na Geelong, Australia, Julai 2021, betri zilikuwa kwenye makasha yaliyotenganishwa nje. Kasha moja liliwaka, likaunguza la pili, basi. Siku hizi kuna jaribio maalumu, UL 9540A, ambalo seli hufumuliwa makusudi ili kuona mfumuko unafika wapi.

Wakija mtaani kwenu kueleza mradi, msikubali kuonyeshwa mitungi ya kuzimia moto. Ombeni matokeo ya jaribio hilo kwa betri zile zile zitakazofungwa, na mwonyeshwe gesi itatoka nje kupitia wapi na upepo utaipeleka upande gani wakati watoto wako shuleni. Na mkisikia kwamba moto umezimwa, ulizeni kama seli nazo zimepoa.