Dick Fitzgerald na mpira wa Kigaeli: yanayosemwa na yaliyokuwa

Ukitaja miaka ya mwanzo ya mpira wa Kigaeli, mchezo wa Ireland unaochezwa kwa mikono na miguu, wengi huwaza vijana wa mashambani wakikumbana kwenye tope, na mpira kisingizio tu. Picha hiyo inamdhulumu Dick Fitzgerald wa Killarney, katika kaunti ya Kerry huko Ireland, aliyezaliwa mwaka 1882. Nadhani hakuna mchezaji wa enzi zile anayeisuta vizuri kuliko yeye.

Dhana: Ulikuwa mchezo wa misuli, akili haikuwa na kazi.

Ubabe ulikuwepo, hilo halikanushiki. Chama cha GAA, kinachosimamia michezo ya Kigaeli, kiliundwa Novemba 1884 mjini Thurles, na kanuni zake za kwanza, za 1885, ziliruhusu hata wachezaji kukabana mieleka uwanjani. Lakini mieleka ilipigwa marufuku mwaka uliofuata. Kisha timu zikapunguzwa: kutoka wachezaji 21 kila upande hadi 17 mwaka 1892, na 15 mwaka 1913. Msongamano ukapungua, nafasi zikafunguka, na mwenye kuona mbali akapata pa kutambia.

Fitzgerald alicheza mbele. Alisifika kwa shuti la kupinda, akifunga kutoka pembeni mwa uwanja ambako wengine wangetoa pasi. Medali zake za ubingwa wa Ireland ni tano: 1903, 1904, 1909, 1913 na 1914. Tatu za kwanza alizipata timu ikiwa na watu 17, mbili za mwisho ikiwa na watu 15, tena akiwa nahodha. Hata magoli yalikuwa yamebadilika katikati: nguzo za ziada zilizosimama pembeni mwa lango, za kuhesabia pointi, ziliondolewa mwaka 1910, likaja goli la umbo la H, ambapo mpira ukipita juu ya mtambaa panya ni pointi, na ukipita chini yake ni goli. Kwa hiyo alitawala kana kwamba ni michezo miwili tofauti. Na mwaka huohuo wa 1914 alichapisha kitabu cha kufundisha mpira wa Kigaeli, cha kwanza cha aina yake. Mchezo wa kukumbana tu usingehitaji kitabu.

Dhana: Goli lilikuwa na thamani ya pointi 3 tangu mwanzo.

Hapana. Mwanzoni goli moja lilishinda pointi zozote zile, hata ziwe nyingi kiasi gani. Mwaka 1892 likapewa thamani ya pointi 5, na 3 zikaja mwaka 1896.

Dhana: Ubingwa wa 1903 ulichezwa 1903.

Mashindano ya siku zile yalichelewa mno. Ubingwa huo uliamuliwa mwaka 1905! Kerry na kaunti ya Kildare walikutana mara tatu: mechi ya kwanza ikaishia kwenye mzozo, ya pili sare, ya tatu Kerry wakashinda kwa pointi 8 kwa 2. Hata hapo kazi haikuwa imekwisha, maana walibaki kucheza na London, timu ya Waireland waishio huko, kwenye fainali. Mechi zile tatu ndizo zilizowavuta watu kwa wingi viwanjani.

Dhana: Nyota kama huyo lazima alivuna fedha.

Mpira wa Kigaeli ulikuwa wa ridhaa, na ni wa ridhaa mpaka leo. Mwaka 1913 Kerry na kaunti ya Louth walicheza mara mbili katika fainali ya mashindano ya kumuenzi Askofu Mkuu Croke, mlezi wa kwanza wa GAA, na viingilio vikasaidia GAA kununua uwanja wa Jones's Road jijini Dublin, ambao sasa unaitwa Croke Park. Wachezaji walijaza uwanja bila kulipwa mshahara.

Dhana: Maisha yake yalikuwa mpira tu.

Baada ya uasi wa Pasaka wa 1916 dhidi ya utawala wa Uingereza, Fitzgerald aliwekwa kizuizini katika kambi ya Frongoch, Wales, pamoja na Waireland wengine wengi. Huko wafungwa waliunda timu na kushindana kwa mpira wa Kigaeli, naye akawa miongoni mwa waliocheza.