Kiingereza kuwa lugha rasmi ya Marekani: yanayosemwa na yaliyomo kisheria

Dhana: Marekani imeshatunga sheria ya lugha rasmi.
Kilichopo ni amri ya rais, namba 14224, iliyotiwa saini na Donald Trump tarehe 1 Machi 2025. Kutunga sheria ni kazi ya Bunge, na Bunge halijafanya hivyo. Mwaka 1996 Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada kwa kura 259 dhidi ya 169, ukafia Seneti. Tofauti hii ni kubwa, kwa sababu amri hufutwa na amri: hiyo ya 2025 ilifuta ya Bill Clinton ya mwaka 2000 kuhusu huduma kwa wasiomudu Kiingereza, na rais mwingine anaweza kuifuta vilevile. Kuibadili katiba, kama alivyopendekeza Seneta S. I. Hayakawa mwaka 1981, kunadai theluthi mbili ya kura katika kila baraza, kisha ridhaa ya majimbo 38 kati ya 50.

Dhana: Sasa ofisi zote za serikali kuu ni Kiingereza tu.
Amri yenyewe inasema wakuu wa taasisi hawalazimiki kuacha huduma za lugha nyingine. Isitoshe, amri haipiku sheria. Kifungu cha 203 cha Sheria ya Haki za Kupiga Kura, cha mwaka 1975, bado kinazibana kaunti: wapigakura wa jamii moja ya lugha wasiojua Kiingereza vya kutosha wakizidi 10,000 au asilimia 5, na kutojua kusoma miongoni mwao kukizidi wastani wa taifa, karatasi za kura lazima ziwe na lugha yao pia.

Dhana: Jimbo likishapigia kura lugha rasmi, mahakama haina la kusema.
Waulize Arizona. Kipengele cha katiba ya jimbo walichopitisha mwaka 1988 kiliitaka serikali itende kwa Kiingereza na si lugha nyingine. Mwaka 1998 Mahakama ya Juu ya jimbo ilikibatilisha, kwani kiliwafunga midomo watumishi na wawakilishi wanaozungumza na wananchi. Kilichoponza ni upana wa maneno. Toleo jepesi zaidi lilipita mwaka 2006.

Dhana: Lugha rasmi ni moja tu.
Hawaii ina mbili tangu 1978. Alaska iliongeza lugha 20 za wenyeji mwaka 2014.

Dhana: Kijerumani kilikosa kuwa lugha rasmi kwa kura moja.
Kura hiyo ya mwaka 1795, 42 kwa 41, ilihusu kuahirisha mjadala wa ombi la kuchapisha sheria kwa Kijerumani pia.