Stempu ya kumbukumbu ni malipo, si pambo

Kila inapokaribia Oktoba 9, Siku ya Posta Duniani, kwenye dirisha letu la posta hurudi swali lile lile. Mtu ametumiwa stempu nzuri na nduguye aliyeko London, anataka kuibandika kwenye barua anayoiposti Dar es Salaam. Haiwezekani. Stempu hulipia barua katika nchi iliyoitoa tu, hata ikiwa mpya kabisa.

Asili ya utaratibu huu ni Mkataba wa Bern wa 1874, ambapo nchi 22 ziliunda umoja wa posta. Kabla ya hapo nchi zilipatana mbili mbili, na nauli ilibadilika kufuata njia ambayo barua ilipitia. Mkataba uliweka kiwango cha msingi cha santimu 25 (robo faranga) kwa barua ya gramu 15, kila nchi ikabaki na fedha za stempu zake, kwa hoja kwamba barua huzaa jibu na hesabu hulingana. Hazikulingana. Nchi zilizopokea barua nyingi kuliko zilizotuma zilibeba mzigo, hata mkutano mkuu wa umoja huo mjini Tokyo mwaka 1969 ukaanzisha malipo kwa nchi inayofikisha barua.

Umoja ulipotimiza miaka 75, mwaka 1949, Zanzibar ilitoa stempu zake za kumbukumbu. Kenya, Uganda na Tanganyika zikatoa zao kwa pamoja. Wananchi hutuletea hizo wakiamini wameshika mali. Tumeshaeleza mara nyingi: bei hutokana na uadimu na jinsi stempu ilivyotunzwa. Umri peke yake hauleti bei.

Stempu ya kumbukumbu hulipia sawa na ya kawaida yenye thamani ileile. Ibandike kona ya juu kulia, bila selotepu juu yake, maana muhuri hautashika. Barua iliyopungukiwa nauli huweza kurudishwa kwa mtumaji, au hupigwa alama ya herufi T pamoja na sehemu ya hesabu: juu kiasi kilichopungua, chini nauli ya barua ya daraja la chini kabisa la uzito. Posta inayopokea huzidisha sehemu hiyo kwa nauli yake, na anayedaiwa ni mpokeaji.

Kufuta muhuri ili stempu itumike tena ni kosa la jinai, hata iwe stempu moja. Kuiloweka ili ibanduke kwenye bahasha na kuhifadhiwa kwenye albamu ni ruksa, alimradi muhuri ubaki. Wakusanyaji wengi huipenda zaidi ile ambayo tarehe na jina la ofisi ya posta vinasomeka.