Skizofrenia na Utoto: Wazazi Wasikisie, Ndugu Wasilaumu

Tangu kampeni ya Siku ya Afya ya Akili Duniani, inayoadhimishwa Oktoba 10, wazazi wengi wamefika kliniki wakitaka watoto wao wapimwe skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo au kushikilia imani potofu, kwa kuwa walichelewa kutembea au hupenda kucheza peke yao. Kipimo hicho hakipo, iwe cha damu au cha picha ya ubongo, na anayekiuza mtaani anawadanganya.

Hofu hiyo imetokana na utafiti wa kweli uliosomwa kinyumenyume. Nchini Uingereza, watoto 5,362 waliozaliwa katika wiki moja ya Machi 1946 walifuatiliwa hadi ukubwani, na mwaka 1994 mtafiti Peter Jones na wenzake walieleza kuwa 30 kati yao walipata skizofrenia. Kwa wastani, hao 30 walichelewa kutembea kwa takriban mwezi mmoja, walikuwa na matatizo zaidi ya usemi, walipendelea kucheza peke yao wakiwa na miaka 4 na 6, na walipata alama za chini katika majaribio ya akili wakiwa na miaka 8, 11 na 15. Hizo ni tofauti za makundi. Watoto wengi mno wenye tabia hizohizo hawakuugua kamwe, na hili tunalirudia kila siku.

Anayenufaika na maarifa haya ni mgonjwa mwenyewe. Udhaifu wa kumbukumbu, umakini na kasi ya kufikiri mara nyingi hutangulia maruweruwe kwa miaka mingi, nazo dawa, ambazo hutuliza sauti na imani potofu, huupunguza udhaifu huo kidogo tu. Kwa hiyo kijana anayesahau nusu ya alichotumwa dukani si mvivu, wala hakudekezwa na mama yake. Mpeni agizo moja kwa wakati, mwandikieni, na msimtukane.

Faili jipya linapofunguliwa kliniki kwetu, mgonjwa aje na ndugu aliyemlea, kadi ya kliniki ya utotoni ikiwa ipo, na ripoti za shule, kuanzia za madarasa ya chini. Ndugu atahojiwa kando, kisha mgonjwa. Mwalimu haombwi maelezo kabla ya ridhaa ya maandishi, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na kuzifichua kinyume cha sheria kunaweza kuleta faini au kifungo. Kumtaja mwanafunzi kuwa “ana dalili” katika kundi la WhatsApp la wazazi kunamuumiza mtoto, na hatutalichukulia jambo hilo kuwa utani.

Mtoto aliyechelewa kusema au kutembea aonwe kwa ajili ya tatizo hilo lenyewe. Kijana anayejitenga ghafla, anayeporomoka masomoni na kujibu sauti ambazo wengine hawazisikii, afikishwe kituo cha afya wiki hiyohiyo, hata kama familia imeshampeleka kuombewa.