Kipimo cha mwanga katika picha ya ua, kabla ya kuchapwa na kutiwa kwenye fremu

Kipimo cha mwanga ni kiasi cha mwanga ambacho kamera imekiruhusu kufika kwenye kihisio (kile kipande cha ndani kinachoupokea mwanga) wakati picha inapigwa. Kiasi hicho huamuliwa na upana wa tundu la lenzi pamoja na muda ambao shata, yaani pazia la kamera, hubaki wazi. ISO, ile namba ya usikivu wa kamera ambayo hutajwa mara nyingi kuwa kigezo cha tatu, haiingizi mwanga wowote, bali hukuza tu ishara iliyokwisha kupokewa. Wapiga picha huhesabu kwa stopu: kuongeza stopu moja ni kuuzidisha mwanga mara mbili, na kupunguza stopu moja ni kuukata nusu. Watu wengi hulichanganya jambo hili na mng'ao wa picha kwenye skrini. Mng'ao hubadilishwa wakati wowote, lakini umbile la ua ambalo kihisio kilishindwa kulihifadhi halirudi tena.

Hapa Goma somo hili hufundishwa na mawe. Mji umekaa juu ya lava ya Nyiragongo, na tangu mlipuko wa Januari 2002, ambao mkondo wake ulipita katikati ya mji hadi Ziwa Kivu, mawe meusi yamekuwa sehemu ya misingi, kuta na nyua zetu. Chukua basi ua jeupe la arumu lililochanua mbele ya ua wa mawe ya lava (lugha yenyewe inatuchezea hapa, maana la kwanza hunyauka kwa siku chache na wa pili haunyauki kamwe). Kipima mwanga kilichomo ndani ya kamera hakijui kwamba kinatazama lava. Kimeundwa kudhani kuwa mandhari yote, ikichanganywa, hutoa kijivu cha kati, ambacho kwa mazoea husemwa kuwa kinarudisha takriban 18% ya mwanga unaokiangukia. Kikikuta weusi mwingi, huamua kwamba mwanga hautoshi na kuuongeza. Matokeo yake lava inakuwa kijivu kama iliyomwagiwa majivu, na arumu, ambayo haikuwa na kasoro yoyote, inaungua.

Kuungua kuna maana halisi. Katika faili ya kawaida ya JPEG, kila pikseli, yaani kila nukta ya picha, ina thamani tatu, ya nyekundu, ya kijani na ya buluu, na kila moja huanzia 0 hadi 255. Zote zikifika 255, mashine ya kuchapa haidondoshi wino wowote mahali pale. Niliwahi kuchapisha arumu ya namna hiyo kwa ukubwa wa sentimita 30 kwa 40. Kwenye simu ilipendeza. Kwenye karatasi, ile mishipa myembamba inayopanda kutoka kwenye shina, ukijani hafifu wa sehemu ya chini na mkunjo wa ukingoni vyote vilikuwa vimetoweka, pakabaki karatasi tupu iliyokatwa kwa umbo la ua. Kosa lilikuwa langu mimi niliyebonyeza, wala hapakuwa na la kumlaumu aliyechapa.

Dawa yake ni kukiamuru kipima mwanga kipunguze stopu moja, au moja na nusu ikiwa lava imeijaza picha, kisha kuikagua histogramu (ule mchoro wa kamera unaoonyesha pikseli ngapi ni za giza na ngapi ni angavu). Ukisogea karibu mpaka weupe wa ua ujaze picha nzima, hali inageuka: sasa kamera inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, na arumu inatoka ya kijivu kama shuka lililofuliwa vibaya, hivyo inakubidi uongeze. Maua mekundu yana mtego wao. Hibiskasi nyekundu inaweza kuonyesha histogramu ya jumla iliyotulia, kumbe thamani za nyekundu pekee zimekwisha kugonga 255 na petali limekuwa bapa kama kitambaa cha plastiki. Ndiyo maana inafaa kutazama histogramu ya kila rangi kivyake.

Marekebisho ya baadaye kwenye kompyuta yana nafasi yake, ila hutegemea kilichohifadhiwa. JPEG ina ngazi 256 tu kwa kila rangi, ilhali faili ghafi (RAW, ambayo kamera haijaibana) ya biti 14 ina ngazi 16,384, na hapo kivuli cha ndani ya ua huweza kuinuliwa bila kutoa madoa. Kwa picha ya kuchapwa, mimi huiacha sehemu angavu kabisa ya petali iishie karibu na 240 au 245, ili wino kidogo uguse karatasi na jicho lisione tundu.

Halafu kuna karatasi yenyewe. Skrini hutoa mwanga wake, karatasi huurudisha tu ule inaoupokea, na kwa hiyo picha iliyorekebishwa kwenye skrini iliyofunguliwa mwanga wote itachapwa ikiwa ya giza. Ninaishusha skrini mpaka ilingane na karatasi nyeupe iliyowekwa kando yake dirishani, kisha naomba kichapwe kipande kidogo cha majaribio chenye ua na sehemu ya lava, na kukitazama katika chumba kile kile ambamo picha itatundikwa. Sebule zetu nyingi hupata mwanga wa dirisha moja mchana, na usiku, umeme ukikatika, taa ndogo ya sola. Picha iliyopimwa chini ya taa kali za studio haitakuwa ile ile hapo. Karatasi isiyong'aa haitoi weusi mzito kama ing'aayo, kwa hiyo weusi wa lava hufifia zaidi juu yake.

Fremu, au kadre kama tunavyoiita mtaani, nayo hula mwanga. Kila uso wa kioo cha kawaida hurudisha takriban 4%, na mwanga hulazimika kupita kioo ukiingia na kukipita tena ukitoka, hivyo picha hupoteza karibu robo ya stopu. Hasara hiyo ni ndogo, lakini kwenye lava iliyokwisha kuwa nzito inatosha kuyazika mawe. Paspatu, ile karatasi nene inayoizunguka picha ndani ya fremu, ni hatari zaidi. Ikiwa nyeupe kabisa, jicho huifanya kipimo cha weupe, na petali lililoachwa kwenye 240 kwa uangalifu wote huonekana chafu kando yake. Kwa arumu mimi huchagua paspatu ya rangi ya maziwa iliyofifia kuliko ua lenyewe, na humwomba fundi aiweke juu ya kile kipande cha majaribio kabla hajakata kitu chochote.